Padre Hugh Benson na Vita Visivyoonekana

Hakuna hadithi inayoshika masikio ya watu, wakubwa kwa wadogo, kama hadithi ya mambo ya giza: mashetani, mizimu, nyumba zenye vishindo usiku, na mtu mwema anayepambana na nguvu asiyoiona. Vitabu vya namna hiyo hununuliwa kwa wingi, na filamu zake hazikosi watazamaji. Wazazi Wakristo huuliza kama yafaa watoto wao wasome mambo hayo. Swali hilo ni la haki, maana hadithi nyingi za aina hiyo humwonyesha Shetani kuwa karibu na mwenye nguvu, na Mungu kuwa mbali na kimya, hata msomaji akifunga kitabu hubaki na hofu tu. Walakini, zaidi ya miaka 100 iliyopita aliishi Uingereza padre mmoja aliyeandika hadithi za kusisimua za vita vya roho, na ndani yake hofu haikupewa neno la mwisho. Padre huyo ni Robert Hugh Benson. Yafaa maisha yake yajulikane, kwa kuwa vita alivyovieleza vitabuni alikuwa amevipigana kwanza moyoni mwake.

Alizaliwa tarehe 18 Novemba 1871 katika Wellington College, shule ya wavulana iliyoko Berkshire, ambayo baba yake, Edward White Benson, alikuwa mkuu wake wa kwanza. Baba huyo alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1877 akawa Askofu wa kwanza wa Truro, na mwaka 1883 akapandishwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, cheo kinachopita vyote katika Kanisa hilo. Mama yake aliitwa Mary Sidgwick. Watoto walikuwa sita, na Hugh ndiye kitinda mimba. Jamaa nzima ilikuwa ya watu wa kalamu na elimu: Arthur alikuwa mwandishi na mwalimu wa chuo, Edward Frederic akajulikana sana kwa riwaya zake, na dada yao Margaret akachimbua hekalu la kale la Mut huko Karnak, nchini Misri. Lakini msiba haukuwapita. Kaka yao mkubwa, Martin, alikufa mwaka 1878 akiwa na miaka 17, na dada yao Nellie akamfuata mwaka 1890.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitazamii katika nyumba ya askofu. Nyumba hiyo ilijaa mazungumzo ya mizimu. Baba, alipokuwa kijana huko Cambridge, alishirikiana na wenzake kuunda chama cha kuchungua habari za mizuka. Ndugu yake mama, Profesa Henry Sidgwick, alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu kilichoundwa London mwaka 1882 ili kuchunguza mambo ya roho na miujiza ya akili. Na mwandishi mashuhuri Henry James, alipomtembelea Askofu Mkuu Januari 1895, alisimuliwa naye kisa cha watoto waliosumbuliwa na mizuka ya watumishi waliokufa. Kutoka mbegu hiyo James akatunga kitabu chake cha kutisha kilichotoka mwaka 1898. Basi Hugh alikulia mahali ambapo sala ya jioni ilisaliwa kwa uaminifu, na baada ya sala mambo ya wafu yakaongewa kama mtu aongeavyo habari za jirani.

Alisoma Eton, kisha akajaribu mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali huko India, akashindwa. Mwaka 1890 akaingia Trinity College, Cambridge. Hapo hakuwa kijana mwenye bidii ya dini. Alivutwa na mafundisho ya watu waliodai kuongea na malaika na roho, akajaribu pia ufundi wa kumlaza mtu usingizi kwa nguvu ya macho na maneno. Mambo hayo yaliacha alama. Baadaye alipoyaandika kwa kuyakemea, hakuandika kama mtu aliyesikia kwa mbali.

Hata hivyo wito wa upadre wa Kianglikana ukamfikia. Alipewa ushemasi mwaka 1894, na mwaka 1895 baba yake mwenyewe akamwekea mikono awe kasisi. Akatumwa kufanya kazi kati ya maskini wa Hackney Wick, mashariki ya London. Mwaka uliofuata, Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 1896, Askofu Mkuu Benson alifariki kwa ghafula akiwa amepiga magoti kanisani huko Hawarden. Afya ya kijana nayo ikadhoofika, akapelekwa Misri na Nchi Takatifu kupumzika.

Ni katika Afrika, ndugu wasomaji, kwamba moyo wake ulianza kutikiswa. Huko Luxor Waingereza walikuwa na kanisa lao katika uwanja wa hoteli, safi na la kupendeza, wakisali wageni kwa wageni. Siku moja Hugh akaingia katika kanisa dogo la Kikatoliki lililosimama kijijini, kati ya nyumba za udongo za wenyeji. Halikuwa na uzuri wowote wa kumvuta Mwingereza. Lakini aliona kwamba lile la hotelini lilikuwa mali ya taifa moja lililosafiri nalo, na hili la kijijini lilikuwa la mahali pale na la kila mahali. Kwa mara ya kwanza wazo likamjia kwamba huenda Roma ndiyo yenye haki. Alilifukuza, lakini halikwenda mbali.

Aliporudi Uingereza alitumika parokiani Kemsing, kisha mwaka 1898 akaingia Shirika la Ufufuko huko Mirfield, jamii ya makasisi wa Kianglikana walioishi kwa sala, umaskini na kazi ya kuhubiri. Aliwapenda ndugu zake hao hata mwisho. Lakini swali moja halikumwachia usingizi: Je, ni nani aliyepewa na Kristo mamlaka ya kufundisha bila kukosea? Alisoma, akauliza, akasali, akaandikiana barua na watu wa pande zote mbili. Akaona kwamba elimu peke yake haiwezi kuwa mlango, maana kama wokovu wahitaji elimu nyingi, basi maskini wamefungiwa nje.

Tumfikirie katika miezi hiyo. Jina la baba yake lilikuwa limeandikwa katika historia ya Kanisa la Anglikana. Kila rafiki, kila mwalimu, kila kumbukumbu ya utoto ilikuwa upande ule. Kuondoka kulikuwa kama kumkana baba aliyelala kaburini. Hakutoka kwa ugomvi wala kwa siri. Alimweleza mama yake kila hatua, naye mama, ingawa hakufuata njia hiyo, hakumfukuza, bali alimwacha akae nyumbani kwa amani mpaka aamue. Tarehe 11 Septemba 1903 alipokewa katika Kanisa Katoliki huko Woodchester na padre mmoja Mdominiko. Barua za lawama zikamjia. Wengine walimwita mtoro, wengine mtoto asiye na shukrani. Hakuwajibu kwa matusi. Alikwenda Roma kusoma, akapewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1904, kisha akarudi Cambridge kufanya kazi kati ya wanafunzi.

Kuanzia hapo kalamu yake haikupumzika. Tayari alikuwa ametoa kitabu cha visa vya padre mzee aliyejaliwa kuona mambo ya ulimwengu wa roho. Sasa vikafuata vitabu vya mashahidi wa Uingereza wa karne ya 16, kisha kitabu cha mapadre wanaokutana Roma jioni, kila mmoja akieleza jambo la ajabu lililompata katika utume. Lakini viwili ndivyo vinavyogusa zaidi habari yetu ya leo.

Cha kwanza ni *Lord of the World*, yaani Bwana wa Ulimwengu, kilichotoka mwaka 1907. Wakati huo waandishi kama H. G. Wells walikuwa wakieneza tumaini kwamba sayansi na serikali moja ya dunia vitaleta furaha kamili. Padre Benson akauliza: Na kama furaha hiyo itamtaka mwanadamu amsahau Mungu, itakuwaje? Akatunga hadithi ya wakati uliokuwa mbele yake kwa karibu miaka 100. Vita kuu yakaribia kuzuka kati ya Mashariki na Magharibi. Ghafula anatokea mtu mmoja kutoka Marekani, Julian Felsenburgh, mzuri wa sura, mjuzi wa lugha nyingi, mpole wa maneno, naye anaizuia vita hiyo. Dunia inamshukuru, kisha inamtii, mwisho inamsujudia. Huyo ndiye Mpinga Kristo. Hana pembe wala hatoi moshi. Anakuja na amani mkononi, na asichokidai ni kimoja tu: kwamba watu wamhitaji Mungu.

Mbele yake anasimama padre mmoja wa London, Percy Franklin, ambaye hata sura yake yafanana na ya adui huyo. Kazi ya padre ni ndogo machoni pa watu. Anamwona padre mwenzake akipoteza imani na kuondoka. Anampelekea sakramenti mama mzee anayekufa katika nyumba ya mwanasiasa asiyeamini. Mke wa mwanasiasa huyo, Mabel, ni mwanamke mwema aliyetumaini kwa moyo wote dini mpya ya utu bila Mungu. Lakini anapoona kundi la watu wakiwatendea Wakatoliki ukatili njiani, tumaini lake linavunjika. Na kwa kuwa alifundishwa kwamba hakuna kitu kingine cha kutumaini, anakwenda katika nyumba ya serikali ambamo watu husaidiwa kujiua. Sura hiyo ni ya huzuni kuliko zote, maana Mabel hakuwa mbaya. Alinyimwa tu mlango.

Sasa tutazame kiini cha kitabu hicho. Wakatoliki wachache, kwa hasira na kukata tamaa, wanafanya shauri la kulipua kwa baruti kanisa la Abasia ya Westminster siku watawala watakapokusanyika humo. Papa na makardinali wanapopata habari, wanatuma watu haraka kwenda kulizuia, na Percy ni mmoja wao. Wamechelewa. Siri imefichuka, na mataifa yanatuma vyombo vya angani kuiangamiza Roma. Angalieni basi: katika hadithi hiyo mji mtakatifu hauangamizwi kwa sababu Wakristo walisali mno au walivumilia mno. Kisingizio cha kuuangamiza kilitolewa na Wakristo walioamua kuchukua silaha za adui. Percy anachaguliwa kuwa Papa wa watu wachache waliobaki, anajificha Nazareti kama maskini, na mwisho, vyombo vya vita vinapofunika mbingu juu yake, anakutwa mbele ya Sakramenti Takatifu akiabudu na kuimba. Hapo ndipo ulimwengu unapokwisha, na mwandishi hatuachii shaka ni nani Bwana wake.

Wasomaji kadhaa walilalamika kwamba kitabu hicho kinatia huzuni. Padre Benson akawajibu mwaka 1911 kwa kitabu kingine, alichofikiria ndani yake ulimwengu ulioipokea imani yote. Lakini kile cha kwanza ndicho kilichodumu. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alikitaja katika mahubiri ya Novemba 2013, na Januari 2015, akirudi kutoka Ufilipino, aliwashauri waandishi wa habari waliosafiri naye wakisome.

Kitabu cha pili ni *The Necromancers*, cha mwaka 1909, kinachosimulia habari za watu wanaoita roho za wafu. Kijana Laurie Baxter, aliyekuwa ameingia Ukatoliki bila kuzama, anafiwa na msichana aliyempenda, binti wa mwenye duka kijijini. Huzuni yake ni ya kweli. Anasikia kwamba huko London wako watu waungwana, wasomi, wanaoweza kuwarudisha wafu waongee na walio hai. Anakwenda mara moja, anarudi mara ya pili. Mzee mmoja aliyewahi kuwa katika mambo hayo na kuyaacha anamwonya, lakini hasikii. Polepole kinachomjia kwa sura ya mpenzi wake chaonekana si mpenzi wake. Kijana anaanza kumilikiwa.

Nani atamwokoa? Si mganga mwenye nguvu kuliko wale, wala si hirizi. Ni Maggie, msichana aliyelelewa na mama yake Laurie na kufundishwa na masista, asiyejua uganga wo wote. Usiku wa kuamkia Pasaka anabaki peke yake na kijana huyo, anaogopa mpaka mifupa, wala hakimbii. Anasali, anapenda, anasimama. Kulipokucha, kijana yu huru. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa kwamba kufiwa hufungua mlango wa kwenda kwa wapiga ramli, na kwamba aendaye kwa uchungu wa kweli hudanganyika upesi kuliko aendaye kwa udadisi. Padre Benson hakumcheka mwenye huzuni. Alimwonyesha tu kwamba wafu wetu tunawafikia kwa sala na kwa Misa, na kwamba anayewatafuta kwa njia nyingine hupokelewa na mwenyeji mwingine.

Tusidhani kwamba mwandishi huyo alikuwa shujaa asiye na udhaifu. Alikuwa mwenye kigugumizi katika mazungumzo ya kawaida, ingawa alipopanda mimbarini ulimi ulifunguka na watu wakajaa kanisani kumsikiliza, katika Uingereza, Roma na Marekani. Aliandika kwa haraka mno, na wahakiki wamesema kwa haki kwamba mara nyingine watu wake huhubiri pale ambapo wangepaswa kuishi. Alikuwa mwepesi wa kuchoka na marafiki. Tena alikuwa mtu wa hofu: aliogopa hasa kuzikwa angali hai, hata akaacha maagizo ya namna ya kumzika ili jambo hilo lisitokee. Mtu aliyefundisha maelfu wasiogope giza alikuwa akiliogopa mwenyewe. Jambo hilo lisitushangaze. Asiyejua hofu hana la kumwambia mwenye hofu.

Mwaka 1908 alihamia katika nyumba ya zamani aliyoinunua Hare Street, kijiji cha Hertfordshire, akatengeneza humo kikanisa, akichonga mbao kwa mikono yake pamoja na rafiki zake. Mwaka 1911 Papa Pio X alimpa heshima ya Monsinyori. Lakini safari, mahubiri, barua na vitabu vilimla nguvu. Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, alikusanya kitabu cha sala kwa ajili ya waliokwenda vitani na waliobaki nyumbani. Oktoba hiyo, akihubiri huko Salford, maumivu makali ya kifua yakamshika, kisha nimonia. Kaka yake Arthur, ambaye hakuwa Mkatoliki, aliitwa, akawa karibu naye. Hugh alipokea sakramenti, akasali pamoja na mapadre akiwa na akili timamu, akafariki tarehe 19 Oktoba 1914, kabla ya kutimiza miaka 43. Alizikwa Hare Street, katika shamba la matunda la nyumba yake, na juu ya kaburi kikajengwa kikanisa. Mwaka uliofuata Arthur, asiyeshiriki imani yake, aliandika kitabu cha mapendo juu ya mdogo wake. Jamaa iliyogawanywa na dini haikugawanywa na chuki.

Basi tumjibu mzazi aliyeuliza. Hadithi ya vita vya roho yaweza kumfaa kijana, ikiwa inamwonyesha mambo mawili. La kwanza, kwamba adui ni wa kweli, tena mara nyingi huja na uso wa wema: amani isiyo na Mungu, faraja isiyo na ukweli. La pili, kwamba vita hivyo vina silaha zake, alizozitaja Mtume Paulo tangu kale, nazo ni ukweli, haki, imani na sala. Na anayezitupa ili achukue zile za adui amekwisha kushindwa, hata akiwa na bendera ya Kristo mkononi. Hadithi isiyokuwa na hilo la pili ni vishindo tu.

Katika vitabu vya Padre Benson, vita havikuamuliwa na mapapa wenye majeshi wala na watu wenye miujiza. Viliamuliwa na padre aliyepanda ngazi akiwa na Ekaristi kifuani kumpelekea mama mzee, na msichana aliyetetemeka usiku kucha asiiache sala yake. Silaha hizo zimo katika kila nyumba ya Mkristo. Zinachohitaji ni mkono wa kuzishika, hata ukiwa mkono unaotetemeka.